Sentensi Tatu za Mzee Pancha

Siku ninayoikumbuka mara nyingi kuliko nyingine zote, mwanangu, ni Jumanne moja alasiri katika ukumbi wa kanisa pale Mai Mahiu, nilipochekesha darasa zima na kumwacha mzee mmoja peke yake. Jana uliponipigia simu kutoka Nakuru kunieleza kuwa umepata kazi ya kufundisha watu wazima Kiingereza, ukaniomba michezo ya kuwachangamsha kabla ya somo, nilifurahi sana. Wewe ni mtoto wa marehemu dada yangu, na katika ukoo wetu ndiwe pekee uliyeirithi chaki yangu. Lakini ulipokata simu, aliyenijia ni huyo mzee, si michezo.

Michezo ninayo, usiwe na wasiwasi. Kuna ule wa kurushiana soksi iliyojazwa matambara: anayeidaka anataja kitu kinachouzwa sokoni, kisha anamrushia mwenzake. Kuna na ule wa mfuko, mtu anatia mkono bila kutazama na kueleza anachokigusa mpaka wengine wakitambue. Nilitia kiazi, nikatia kifuniko cha chupa, na siku moja nikatia kifaranga, na mama mmoja muuza chai akatoa Kiingereza ambacho hata yeye hakujua anacho. Dakika tano tu kwa saa yangu ya mkononi, halafu tunafungua vitabu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona fundi. Sikujua bado kwamba jogoo asipowika kutakucha vilevile.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wa barabarani: akina mama wa vibanda, makanika, na matingo wa malori yanayopumzika pale yakishamaliza kushuka mteremko. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja aliyeziba pancha kando ya maegesho. Kila mara alifika wa kwanza, amenawa mpaka viwikoni ingawa weusi wa raba haukutoka, akanisaidia kupanga viti, na jioni akawa wa mwisho kuondoka. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na hakikukua. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini anajisumbua.

Jumanne hiyo nilileta mchezo mpya. Kila mtu aseme sentensi tatu kujihusu, mbili za kweli na moja ya uongo, na darasa liutafute uongo. Zamu ya mzee ilipofika alisimama, akavua kofia. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akasema kwamba kila siku anaziba magurudumu zaidi ya kumi. Akasema mke wake humpikia kila jioni. Halafu akasema kwamba Mai Mahiu nzima hakuna mtu anayejua jina lake.

"Hiyo ya mwisho ndio uongo," tingo mmoja akadakia. "Nani hajui Mzee Pancha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakaanza kuliita jina hilo kwa kupokezana, nami nikacheka nao, tena nikapiga makofi. Mzee alitabasamu, akatikisa kichwa kwamba sivyo, akafungua mdomo aendelee. Nikatazama saa yangu. Dakika tano zilikuwa zimekwisha, basi nikamshukuru, nikamwambia aketi, nikaandika kichwa cha somo ubaoni.

Mlangoni alikuwa ameketi Shosho Wairimu, mama mkongwe aliyetunza ufunguo wa ukumbi, akichambua maharagwe. Kiingereza hakukijua. Watu walipokwisha kutawanyika aliniuliza mzee alisema nini tukacheka vile. Nikamtafsiria.

"Huyo mzee hana bibi," akasema. "Mimi hupita hapo kwake kila jioni. Hujipikia nje kwa jiko, peke yake. Sasa wewe mwalimu, anaitwa nani?"

Nikaanza kukusanya chaki zangu.

"Hebu fungua hiyo kitabu yako ya majina."

Nikaifungua rejista. Mwanangu, kwa mwandiko wangu mzuri uliosifiwa chuoni, nilikuwa nimeandika: Mzee Pancha. Siku ya kwanza wenzake walimtaja hivyo, nami nikaandika nilichosikia, sikumuuliza.

"Basi hakudanganya," Shosho akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. "Hata mimi simjui jina. Lakini mimi sina kitabu. Na wewe ulidhani anafuata Kiingereza hapa?"

Kutoka ukumbini hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kwenda jioni ile ile. Nikajiambia nitamuuliza Jumanne ijayo, kwa sababu nilihisi aibu, na aibu ya mwalimu hupenda kungoja mpaka awe mbele ya ubao wake. Jumanne ilipofika hakuja. Iliyofuata hakuja. Ndipo nikaenda, nikamkuta kijana mgeni ameinama juu ya karai la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu.

"Alienda, madam. Aliniachia hii kazi."

"Kwao ni wapi?"

"Hakusema."

"Anaitwa nani?"

Kijana aliniangalia kwa mshangao. "Si ni Mzee Pancha."

Nilimuulizia Naivasha, nikamuulizia Gilgil, nikafika mpaka Kariandusi kwenye machimbo ya udongo mweupe, niliposikia kuna mzee anayeziba magurudumu ya malori. Hakuwa yeye. Utamtafutaje mtu ambaye hujui jina lake? Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wangu haujakauka mpaka leo.

Sasa nimezeeka hapa Longonot, na ninamwelewa kuliko nilivyopenda kumwelewa. Kijana wa duka hunisalimia, "Sasa, mathe," kama anavyomwita kila mama, akanipimia sukari, akamgeukia mwingine. Ni kijana mwema. Nyumbani redio huongea tangu asubuhi, na mimi huijibu. Nimekuwa mpweke, mwanangu, nalisema wazi kwa sababu nimeona kinachompata anayelisema kwa mafumbo.

Basi michezo nitakupa yote, hata ule wa kifaranga. Wachekeshe wanafunzi wako, kwani anayecheka husahau kuogopa kukosea. Lakini kabla ya mchezo wowote, muulize kila mtu jina lake na uliandike kama anavyolitamka mwenyewe. Na mtu akikuambia kweli katikati ya mchezo, ivue saa yako uitie mfukoni. Somo litangoja. Na jambo likikulemea moyoni, nenda jioni ile ile, usisubiri Jumanne.

Nami nicheze nawe mara moja. Nina kuku sita. Magoti yangu hayaniumi hata kidogo. Kiti cha pili mezani kwangu hakijakaliwa na mtu tangu Pasaka. Uongo usiutaje kwenye simu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mungu akupe darasa lenye kelele, mwanangu. Akupe sikio la kusikia sauti ndogo ndani ya kicheko kikubwa, na popote utakapozeekea, awepo mtu wa kukuita kwa jina ulilopewa na mama yako.