Wavu wa Eck Jardine

Eck Jardine alizaliwa katika nyumba ya mwisho kabla ya matope, na hakuwahi kulala nje ya kijiji ila wakati ule alipofanyiwa upasuaji wa nyonga kule mjini Dumfries. Kazi yake ilikuwa ya baba yake na ya babu yake, nayo ni kusimama. Maji ya Solway, ghuba yetu huku Scotland, yanapoanza kujaa tunaingia kwenye mlango wa mto, tunajipanga mstari mmoja kutoka ufukoni hadi kwenye kina, kila mtu na wavu wake uliofungwa kwenye mti mrefu kuliko gari, tukingoja samaki aitwaye samoni aje atugonge. Hatuna mashua wala ndoana.

Mahali pa kusimama hatuchagui. Kila mmoja ana kipande chake cha mti alichokichonga mwenyewe. Anakitumbukiza kofiani, na kura ndiyo inayoamua nani atakaa kwenye kina. Maji yakizidi, yule wa kina anainua wavu wake, anapita nyuma ya wenzake na kwenda kusimama upande wa nchi kavu. Hapo ndipo anayemfuata naye anaruhusiwa kusogea, si kabla. Kuna sheria nyingine ya wazee: anayerudi ufukoni bila wavu wake hatumbukizi tena kipande kofiani. Mto umemkataa. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na pengine ndiyo maana imedumu.

Zilizoandikwa zilikuja baadaye. Zamani samoni akinasa alipigwa kirungu kimoja cha kichwa, na jioni watu walikula. Siku hizi tunaambiwa samaki wamepungua. Ni kweli wamepungua, ila waliowamaliza hawakuwahi kusimama majini na mti begani. Sasa tukimnasa tunamrudisha, na mmoja tu akifia mikononi mwetu, kibali cha mstari mzima kinafutwa. Bwana samaki, kijana aitwaye Tweedie, anakaa ufukoni na darubini kuhakikisha. Kando yake wanasimama watalii, wanaoletwa kwa basi na kituo cha wageni waje kutazama mila. Wanakula biskuti na kutupiga picha kama bata wa bwawani.

Msimu uliopita miguu ya Eck ilikuwa imekwisha. Tukivuka matope aliegemea mti wake kama mkongojo, kisha akajifanya anakagua mawingu. Kituo kilimwomba aje akae kwenye kiti karibu na moto, awasimulie wageni. Akawajibu kwamba kiti hicho atakikalia akishakufa, ila wamkaushe kwanza. Mkewe alishazikwa, mwanawe yuko Kanada. Bila mstari ule, asubuhi Eck hakuwa na pa kwenda.

Siku moja mwishoni mwa Agosti kura ikampa kina, nami nikamfuata. Nikamwambia chini chini tubadilishane.

“Habbie,” akasema, “ulipokuwa unamlilia mamako maji yakifika magotini, nani alikushika mkono?”

“Wewe.”

“Basi nyamaza, shika mti wako.”

Tukaingia. Maji yakapanda kiunoni, yakafika mbavuni. Ulikuwa wakati wa Eck kuinua wavu na kuzunguka, na ndipo samaki alipompiga. Niliuona mti wake ukiruka. Alikuwa samoni jike, mnene, amejaa mayai. Eck akamtoa wavuni bila kumwinua juu ya maji, kama tunavyotakiwa, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo ili apate pumzi. Samaki akalala ubavu. Mashavu yake hayakucheza.

Ufukoni Tweedie aliinua darubini.

“Mwachie, Eck,” nikasema. “Maji hayo.”

“Hajapumua.”

“Atapumua mbele ya safari.”

“Nikimwachia hivi ataelea tumbo juu mbele ya yule mtoto na darubini yake. Halafu nyinyi mtasimama wapi? Kwenye foleni ya basi?”

Nyuma yangu mstari mzima ulikuwa umeganda, maana wa kina hajatoka. Maji yalinifika kwapani. Eck, aliye mfupi kuliko mimi, yalimlamba kidevu. Mkondo ulikuwa unausukuma wavu wake, nao unamsukuma yeye, na mchanga ulianza kuliwa chini ya visigino vyetu. Nikamwona anadidimia kidogo. Mti alikuwa akiuzuia kwa kifua tu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa ya samaki. Mtu hawezi kukaa hivyo kwa muda mrefu. Sote tulijua lazima aachie kimoja.

Akainamisha bega. Wavu ukateleza, ukaondoka na maji.

Nikamkamata mkanda wa suruali yake ya mpira, maana bila mti alikuwa mwepesi kama jani. Hakunitazama. Alimshikilia yule samaki hadi mashavu yakafunguka, yakafumba, yakafunguka tena, na mkia ukapiga. Samaki akaenda zake. Hapo tu ndipo Eck alipokubali kugeuka, tukampitisha nyuma ya mstari kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akimshika kola.

Watalii walipiga makofi. Mama mmoja akamwuliza kama anaweza kurudia, kwa kuwa mwanawe alikuwa chooni. Eck alimtazama, akatapika maji. Tweedie akatangaza kwamba samaki ameondoka mzima. Kibali kikabaki.

Wavu uliokotwa kwenye matope, nami nikauegemeza mlangoni kwa Eck. Siku iliyofuata ya kuvua alikuja amevaa kikamilifu, kipande chake mkononi. Wenzangu nilikuwa nimeshapatana nao. Kofia ilipotolewa nikasema kwamba Eck alinipa mimi wavu wake nimshikie, na kwamba mimi ndiye niliyeupoteza. Hakuna aliyebisha.

“Mikono yako ilikuwa kwenye mkanda wangu, Habbie,” Eck akasema. “Tumbo langu bado lina alama.”

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akatia kipande chake mfukoni, akachukua kofia na kutushikia, tukatumbukiza vyetu, vikatolewa kimoja kimoja hadi ikabaki tupu.

Akaketi juu ya ukuta, akitupigia kelele kwamba tunavuka matope kama ng'ombe walevi. Basi la kituo lilipofika, watalii wakaja kuketi karibu naye. Nilipogeuka kutazama alikuwa amehamia mwisho wa ukuta.