Saa za Skrini za Mwalimu Ran

Mwalimu Ran Guangyou hakuwa mtu wa kuogopa mashine, na wanaosema hivyo kule mjini wafunge midomo yao. Nilipika katika shule ya Shibanxi, kijijini kwetu mlimani, miaka kumi na minne. Jiko langu lilipakana na darasa lake, katikati ukuta wa mbao tu, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyasikia kwa masikio yangu nikimenya viazi.

Alikuwa mwalimu wa muda. Miaka thelathini na mmoja ya muda! Mtu aliingia na nywele nyeusi akaota mvi humo humo, na bado kila mwaka aliandikiwa karatasi mpya kama kibarua wa jana. Shule ilikuwa na watoto tisa wa madarasa matatu, wote chumba kimoja. Wazazi wao walikuwa viwandani Dongguan, mbali huko kusini. Kijijini tulibaki mabibi na mababu ambao hata maandishi ya mfuko wa mbolea hatuyajui. Mjukuu wangu Qiuju, mwenye miaka minane, alikuwa mmoja wa hao tisa.

Skrini ililetwa mwezi wa tisa, kubwa kama mlango, ikatundikwa ukutani kando ya ubao. Wilaya ilikuwa imeamua kwamba shule ndogo za milimani zifundishwe kutoka shule kuu ya mjini. Mwalimu Peng, binti mwenye sauti nzuri, angefundisha darasa lake huko, na watoto wa shule tano za mlimani wangemfuata kwenye skrini kwa wakati mmoja.

Ran aliifurahia skrini ile kuliko watoto. Wiki ya kwanza aliwatafutia nyangumi mtandaoni, na watoto ambao hawajaona maji mapana kuliko jaruba la mpunga wakabaki midomo wazi. Alimrekodi kila mtoto akisoma kwa sauti, akamtumia mama yake kiwandani. Mama yake Qiuju aliniambia alijifungia chooni wakati wa mapumziko akaisikiliza sauti ya mwanawe mara saba.

Tatizo ni kwamba somo lenyewe lilikwenda mbio. Mwalimu Peng alizungumza lugha safi ya redioni, na watoto wetu wanajua ya mlimani. Akiuliza swali, watoto wa mjini walishajibu kabla sauti haijatufikia sisi. Qiuju aliinua mkono wiki tatu, hakuitwa hata siku moja. Akanijia jikoni amenuna.

"Bibi, yule mwalimu wa kwenye skrini haoni?"

"Nani kakwambia haoni?"

"Nanyoosha mkono mpaka kwapa linauma. Ananiangalia tu, anacheka."

Nilimpa kiazi cha kuchoma anyamaze. Lakini Ran alikuwa amesikia, na tangu siku ile kila mchana alianza kufundisha upya yale yaliyopita asubuhi, kwa chaki, kwa lugha yetu. Kugawanya aliwafundisha kwa viazi halisi alivyochota kwenye kapu langu, na si vyote vilivyorudi. Mtoto asiyeelewa hakuachwa aende nyumbani. Nilikuwa namsikia akirudia jambo moja mara kumi bila kupandisha sauti, mimi huku mwenyewe nimeshachoka, natamani niingie nimzabe mtoto kofi.

Sasa, wilaya ilikuwa na mfumo wake wa kuhesabu. Skrini ilitakiwa iwake kwa muda wa saa sita kila siku. Shule isiyofikisha ingehesabiwa kuwa haina haja ya kuwepo, ifungwe, watoto wapelekwe bweni la mjini. Watoto wa miaka sita, bwenini! Anayekojoa kitandani nani atamfulia? Ran akaja kusimama mlangoni pangu, mikono ina vumbi la chaki.

"Dada Tan, nikiizima mchana tunafungwa. Nikiiwasha, wanatazama picha, hawanisikii."

"Iache iwake. Ifunike uso."

"Niifunike?"

"Kwani itaona aibu? Zima sauti, tupia shuka, fundisha watoto."

Alicheka, akasema mimi ni mwizi niliyekosa tu nafasi. Shuka nikaleta mimi, lile la maua mekundu la harusi yangu. Kila mchana skrini ikawaka chini ya shuka, mfumo ukihesabu saa zake, na Ran akafundisha. Nasema wazi, shauri lilikuwa langu. Yeye alitaka kuwaandikia wakubwa barua aeleze, nami nikamwambia asijipalie makaa.

Mtihani wa wilaya ulipotoka, Shibanxi tulikuwa wa pili katika shule ndogo ishirini na sita. Qiuju alipata tisini na tatu katika hesabu. Niliringa kijiji kizima, sitaki kudanganya.

Baada ya mwaka mpya akaja Mkuu Qin wa idara ya elimu, na vijana wawili wa kupiga picha. Qin mwenyewe alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimejaa tope la kwetu. Nikawaandalia nyama ya kukausha kwa moshi na wali uliopikwa juu ya viazi. Alikula vizuri, kisha akafungua simu yake.

"Shibanxi mnaongoza wilaya nzima kwa saa za skrini. Mwalimu Ran, hebu tuambie siri yako, mzee wangu."

Ran aliweka vijiti vyake vya kulia mezani. "Mkuu, skrini ni nzuri. Ila mchana huwa..."

Nikampiga teke chini ya meza. Teke la kweli, si la mzaha. Aliniangalia, nami nikamtazama Qiuju aliyekuwa anachungulia dirishani. Akaelewa.

"Huwa tunaiwasha na mchana pia," akasema.

"Safi kabisa!" Qin akaandika. Nikamwongezea nyama.

Baada ya mwezi barua ikaja. Ran alinisomea pale pale jikoni, taratibu, kama anayewasomea watoto imla. Shibanxi ni shule ya mfano. Imethibitika kwamba masomo ya skrini yanatosha. Kwa hiyo Mwalimu Ran, kwa kuwa ni wa muda na umri umekwenda, anashukuriwa kwa miaka yake yote. Shule inahitaji mtu wa kuwasha skrini na kuwaangalia watoto tu. Aliyependekezwa ni mpishi.

"Mimi?" nikasema. "Mimi hata jina langu nalichora, siliandiki!"

"Inatosha kubonyeza, Dada Tan."

"Usinitanie, Ran."

Hakuwa ananitania. Alikaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi. "Nikienda kuwaambia ukweli, tumedanganya saa, shule inafungwa. Nikinyamaza, inabaki wazi. Lakini nani atawafundisha?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema nenda kaseme. Sikusema. Nilimsihi anyamaze. Nilimwambia utakuja mchana kama kawaida, wewe ni jirani, nani atajua? Nilikuwa namfikiria Qiuju bwenini, analia, hakuna wa kumfunika. Ran akaitia sahihi barua ile ya kuachishwa.

Wiki ile ile wakaleta kamera, wakaifunga juu ya ubao, shule ya mfano haikosi kutazamwa. Siku ya kwanza Ran alipoingia saa nane mchana na chaki yake, simu yangu ikalia kabla hajamaliza kusalimia. Kijana wa ofisini aliuliza yule mzee ni nani, na kama najua kwamba mtu asiye mfanyakazi haruhusiwi kukaa na watoto. Ran aliisikia sauti ile, akaiweka chaki mezani akatoka. Watoto walikaa wakimsubiri mpaka jioni, wakidhani ameenda msalani.

Mwezi wa nne mwanawe akamtafutia kazi ya kulinda geti la nyumba za ghorofa huko mjini Yichang. Alipoondoka alifuata njia ya chini, ya mashamba ya chai, asipite mbele ya shule. Qiuju aliniuliza mwalimu ameenda wapi, nikamwambia ameitwa na mwanawe. Haukuwa uongo mzima.

Nami nikabonyeza. Asubuhi nilibonyeza, mchana nilibonyeza. Mtoto akiniuliza swali namwambia msikilize mwalimu, na mwalimu yuko mbali, anaendelea na yake. Wavulana wawili wakaanza kulala mezani. Qiuju akaacha kuinua mkono.

Mtihani wa mwezi wa sita tukawa wa mwisho. Qin akarudi, safari hii bila wapiga picha, hata chai hakunywa.

"Mama Tan, saa zenu ni zile zile. Skrini ni ile ile. Kitu gani kimebadilika?"

Nikamwambia yote. Shuka, viazi, mchana, teke. Alisikiliza, na naamini aliniamini, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kwenye mfumo hakuna somo la mchana," akasema.

"Nimekwambia alikuwa anafundisha! Mtu anafundisha, wewe unatafuta kwenye simu?"

"Nikiandika hivyo, mama, hata ripoti yangu ya kwanza inakuwa ya uongo." Akafunga simu. Aliandika kwamba watoto wa Shibanxi ni wazito wa kuelewa na wanahitaji uangalizi wa karibu, na kufikia mwezi wa tisa shule ikafungwa.

Siku ya kuondoka basi lilisubiri barabarani chini. Watoto tisa, kila mmoja na mfarishi wake wa kulalia umefungwa kwa kamba, wale wadogo mifarishi imewazidi kimo. Nilikuwa namfunga Qiuju kamba za viatu simu ilipolia. Ran. Alikuwa amesikia kwa watu.

"Wanaondoka leo?"

"Leo."

"Qiuju alipata ngapi hesabu?"

"Arobaini na moja."

Nilisikia magari ya huko yakipiga honi getini kwake. "Mpe simu," akasema. "Nimweleze hata ile ya kugawanya, dakika mbili tu."

Nikamnyooshea mtoto simu. Qiuju aliweka mikono nyuma.

"Sitaki kuongea naye. Alituchoka akatukimbia."

Ningeweza kusema pale pale. Mtoto alikuwa mbele yangu, basi halijawashwa hata injini, na ilikuwa sentensi moja tu: hakuwakimbia, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Niliitafuta, nikaona macho ya mjukuu wangu yakinitazama, macho ambayo kwa mwezi mzima huko bwenini, kabla ya kurudi nyumbani, yangebaki na sura yangu tu ya kukumbuka usiku. Nikarudisha simu sikioni.

"Mwalimu," nikamwambia, "umechelewa. Ameshapanda basi."