Jiwe Alilopewa

Jirani yangu hapa Kasigau hukohoa kila anapotaka kupita mbele ya baba mkwe wake, kisha huinamisha kichwa. Siku ya mkutano wa mradi wa vyoo, afisa alichora kijiji chetu chini kwa jivu, akampa jirani yangu jiwe.

“Mama, weka pale unapotaka choo.”

Mzee, baba mkwe wake, alikuwa ameketi mbele. Jirani akakohoa, akaliweka.

“Hapo kwa baba ni sawa.”

Na sisi, tunaojua vizuri kwamba mke wa mwana hatumii choo kimoja na mkwewe, tukapiga makofi.

Sasa kila alfajiri anakifagia choo kile, anakimwagia jivu, anafunga mlango wa mabati, halafu anaingia kichakani kujisaidia. Namsikia akikohoa huko, ili ndovu wampishe.