Mvule wa Bi Mize na Misumeno Miwili ya Moto

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na tangu juzi imerudi kukaa nami kibarazani kama mgeni asiyejua kuaga. Juzi nilipita dukani nikakusikia ukibishana na wenzako: msumeno wa moto upi kikundi chenu kinunue kwa kuangushia miti mikubwa. Mmoja kainua simu juu anaonyesha video, mwingine anaapa kwamba wa betri ni mchezo wa watoto, nawe unautaja ukubwa wa injini kama mtu anayetaja ukoo wake. Nikainamisha kichwa nikapita. Mlidhani nina haraka ya swala. Haraka sikuwa nayo. Nilikuwa na aibu. Ubishi huo niliwahi kuumaliza mimi, hapa hapa Makangale, na sijapata mahali pa kuutua ushindi wenyewe.

Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, bara, na shahada ambayo haikuhusu miti, wala mashine, wala shamba. Lakini mwenye shahada ni kama mwenye mwavuli: hata jua likiwa dogo lazima aufungue watu wauone. Baba yangu alikuwa Unguja kwa matibabu ya macho, akaniachia shamba nilitazame. Na ushirika wa wakulima, ambao sikujua lini nimekuwa mshauri wake, ulikuwa unataka kununua msumeno wa moto wa kazi nzito. Wazee waliniuliza kwa adabu rai yangu. Mimi nikawapa utafiti.

Waliokuwa na misumeno ya moto upande wetu walikuwa wawili, Salum na Faki, mtu na shemeji yake. Wa Salum ulikuwa wa rangi ya chungwa, mpya, mwepesi mkononi, sauti yake kali kama nyigu aliyechokozwa. Wa Faki ulikuwa mwekundu uliochujuka, mzito, upanga wake mrefu, ukinguruma kwa sauti nene. Ukishaanza kuula mti hauachi. Kila jioni walitaniana kibarazani.

"Huo wako si msumeno, Faki, ni punda," Salum alisema. "Mpaka uupige mateke ndiyo uende."

"Punda hufika na mzigo, yakhe. Huo wako mbuzi. Kelele tele, mgongoni habebi kitu."

Watu walicheka, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Ubishi ule haukuwa na haja ya jawabu. Ulikuwa kama chumvi ya jioni. Mimi ndiye niliyeona kwamba ubishi bila jawabu ni ujinga. Nikakusanya vipeperushi vya mashine, nikavisoma mpaka vikalegea. Nikawahutubia watu juu ya uzito, urefu wa upanga, mbio za mnyororo, unywaji wa mafuta, na mtetemo unaomkausha mtu mishipa ya mikono. Hayo yote yalikuwa kweli, mwanangu, na mpaka leo ni kweli. Msema pweke hakosi. Mwisho nikatangaza kwamba maneno hayatoshi: tutafute mti mkubwa tuipime misumeno yote miwili mbele ya watu.

Mti mkubwa nilikuwa nao, au ndivyo nilivyodhani. Mpakani mwa shamba letu, upande wa msituni, palikuwa na mvule ambao watu wawili wakiukumbatia mikono haikutani. Nilikwenda kwa sheha, nikapata kibali cha misitu kwa jina la baba, kwa maelezo kwamba mti unaelemea njia. Ulikuwa unaielemea kidogo. Na mimi ulimi wangu ulikuwa mrefu.

Hapa nikueleze jambo ambalo wewe unalijua, lakini nami nililijua, na kulijua hakukunisaidia. Kwetu Pemba ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Shamba laweza kuwa la Juma, mnazi uliomo ukawa wa Khamisi, na mkarafuu wa pembeni ukawa wa mjane aliyehamia Wete. Kwa hiyo mtu hakati mti kwa sababu umesimama kwake. Huenda kwanza akauliza, akataka radhi, ndipo akatia chuma. Na kwa kuwa kila mtu hufanya hivyo, hakuna amwulizaye mwenzake kama amefanya. Kumwuliza ni sawa na kumwuliza mtu mzima kama ametawadha. Asubuhi ile Faki peke yake ndiye aliyenisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Wenyewe washaridhia?"

"Wameridhia," nikamjibu. Nilikuwa namfikiria sheha na bwana misitu.

Mwenye mti alikuwa Bi Mize. Babu yangu alimpa mumewe mvule ule ukiwa mchanga, kwa kuwa yule bwana alimwuguza miezi mingi wala hakutaka ujira. Marehemu hakumwachia mkewe kitu kingine cha maana. Riziki, binti yao, alikuwa ameachwa na mume na kurudi kwa mama na wanawe, na wote walilala chumba kimoja. Kuta za chumba cha pili zilikwishasimama. Kilichobaki ni paa, milango na madirisha, na vyote hivyo vilikuwa vimesimama wima pale mpakani, vinaota majani, vinangoja kiangazi. Bi Mize mwenyewe siku hiyo alikuwa Makoongwe, kisiwa kidogo huko mwisho wa kusini, akimlea mpwa wake aliyejifungua. Riziki alikuwa naye.

Basi tukakata. Salum alikata mdomo, lile pengo la kuuelekeza mti, upande wa kuangukia, kwa sababu msumeno wake ulikuwa mwepesi kugeuza. Faki akaja kwa nyuma na upanga wake mrefu, wakagonga kabari, tukapiga kelele watu wakae mbali. Mti uliinama polepole, ukalia, ukaanguka pale pale walipotaka. Ilikuwa kazi safi ya watu wawili na misumeno miwili, na mtu mwenye akili angeliona jawabu lake hapo hapo: mmoja wa mdomo, mmoja wa nyuma, nendeni nyumbani. Lakini mimi nilikuwa na saa mkononi.

Nikawapanga kwenye gogo, mmoja huku na mmoja kule, tuone nani atalikata pande mwanzo. Salum akashinda. Faki akasema upande wa Salum ni mwembamba. Ni haki, nikasema, badilisheni. Faki akashinda. Salum akasema mnyororo wake umepoteza makali. Ni haki, akachukua tupa, akanoa, wakakata tena. Mara hii mmoja kapata fundo, mara ile mwengine kaishiwa mafuta. Watu walikuwa wamegawanyika kama kwenye mpira. "Punda! Punda!" hawa wakiita. "Mbuzi! Mbuzi!" wale wakijibu. Na kila pingamizi niliipokea kwa uadilifu mkubwa. Sikutaka kumdhulumu mtu. Kwa kutafuta haki ya misumeno niliucharanga mvule mzima, shina mpaka matawini, vipande vya kukalia mtu mmoja.

Faki alikuwa wa kwanza kuzima. Alitazama alikotoka, akafuta jasho, akaniambia, "Bwana, ubao hapa hautoki tena." Nikamwambia lengo halikuwa ubao.

Bi Mize alirudi kesho yake asubuhi. Habari ilimfikia njiani, kwenye gari, kwa mtu aliyedhani anampa hongera. Hakupita nyumbani. Alikuja shambani na kifurushi chake cha safari kikiwa bado kwapani, akatukuta mimi, Salum na Faki tukiviviringisha vipande kandoni mwa njia.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na elimu yako?"

"Nimerudi, Bi Mize."

"Alhamdulillahi."

Akapita kwenye vile vipande kimoja baada ya kimoja, akiviwekea kiganja kama mtu anayepita kwa wagonjwa. Mwisho wa mstari akasimama.

"Mlikuwa mkifanya nini hasa?"

"Tulikuwa tukilinganisha misumeno."

"Ehe. Na upi ulioshinda?"

Mwanangu, mengi ya maisha yangu nimeyasahau, lakini hili nitakwenda nalo. Nilimjibu. Wallahi nilimjibu. Nilisema wa Salum una mbio kwenye miti ya wastani, ila kwa gogo nene wa Faki unauzidi kwa urefu wa upanga, na kwamba yapasa pia kuangalia urahisi wa kupata vipuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeelekea upande, kama anavyosikilizwa daktari. Nilipogeuka kumtafuta Salum aniunge mkono, nikamwona ameshavua kofia. Faki alikuwa anatazama chini. Ndipo maneno yaliponiishia, na ndipo nilipokumbuka sauti ya babu yangu, miaka mingi nyuma, ikisema mvule ule si wetu.

"Bi Mize, huu..." nikaanza.

"Haidhuru," akasema. "Vigoda tutapata vingi."

Akaenda zake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuambiwa.

Baba alirudi wiki ile, macho yamefungwa bendeji. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimejitayarisha kwa makaripio. Nilikuwa na majibu yake, maana ardhi kwa sheria ilikuwa yetu na kibali kilikuwepo. Hakunikaripia. Alisimama, akanyoosha mkono, akasema, "Nishike. Nipeleke kwa Bi Mize."

Nikamwongoza baba yangu kijiji kizima, kipofu wa muda, saa ambayo kila mtu yuko kibarazani. Tulipofika hakukubali kiti. Alikaa chini, uani, kwenye mchanga.

"Bi Mize, nimekuja kutaka radhi. Mti wako nimeukata."

"Mzee Hamadi, si weye. Weye ulikuwa Unguja."

"Mkono wa mwanangu ni mkono wangu."

Bi Mize naye akakaa chini mbele yake. Akasema, "Weye nimekusamehe, duniani na akhera. Huyu aje mwenyewe, kwa miguu yake, siku atakayokuwa na neno." Akaingia ndani akatutolea chai.

Baba akatoa mfenesi wetu wa nyuma ya nyumba. Salum na Faki waliupasua mbao bila ujira, misumeno yote miwili, hawakutaniana siku hiyo. Chumba cha Riziki kilipata paa, lakini baada ya mvua kuzikuta kuta tupu na kuuangusha upande mmoja, ukajengwa tena. Msumeno ushirika haukununua. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Watu waliacha tu kuniuliza rai yangu.

Na mimi je, nilikwenda? Siku ile nilikuwa na neno, lakini nilitaka neno zuri. Nililitengeneza njiani, nikalivunja, nikalitengeneza tena. Nikawa nazunguka njia ya kisimani nisipite mlangoni kwake. Kisha nikapata kazi bara, nikasema nitakwenda likizo. Likizo zilikuja. Mara anaumwa, nisimsumbue. Mara ana wageni. Mara nimechelewa mno, nitaonekana kichekesho. Nilikuwa naandika makala za kuwafundisha watu uungwana, mwanangu, na watu walinipongeza kwa barua, huku neno la kumwambia bibi mmoja wa Makangale limenishinda.

Alifariki mimi nikiwa safarini kuja. Maziko nikayakosa, nikaikuta hitima. Baada ya dua nilimfuata Riziki uani, nikapiga magoti, nikasema kila kitu bila kupamba, kama nilivyopaswa kusema tangu awali.

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniumiza kuliko hasira. "Mie nakusamehe yangu," akasema. "Mvua iliyotunyeshea mie na wanangu, nimekusamehe. Lakini ya mama ni ya mama. Mie siwezi kukupa kisicho changu."

Alisema neno nililopaswa kulisema mimi chini ya mvule ule, kabla hatujawasha.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukinunua msumeno, usiulize wenye kelele. Uliza vipuri vyake vinapatikana wapi na nani karibu anajua kuutengeneza. Mwembamba wa mwili asibebe mzito kwa sifa, maana mkono uliochoka ndio unaokata mguu. Mnyororo wenye makali kwenye msumeno mdogo ni bora kuliko butu kwenye mkubwa. Hayo nayajua, na yamenigharimu, yachukue bure.

Lakini kabla ya yote hayo, nimesikia mmeshachagua mti wa kujaribia. Usitazame umesimama kwa nani. Nenda ukaulize ni wa nani, nyumba kwa nyumba ikibidi, hata wakikucheka. Kuuliza si ujinga. Na siku utakapomkosea mtu, maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo na neno bovu ulilonalo. Neno bovu lililofika lina kheri kuliko zuri lililobaki njiani. Aibu ya kwenda ni ya siku moja. Ya kutokwenda, mimi bado ninayo.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona haki ya mwenzio hata isipoandikwa, akupe ulimi mwepesi wa kutaka radhi na moyo mwepesi wa kuitoa, na akukutanishe na uliowakosea wakiwa hai. Na Bi Mize amlaze pema, amruzuku huko kivuli kipana kuliko kile nilichomkatia. Amin.