Mama Alipokataa Chenga

Baba yangu alijua kufufua injini, lakini kutaja bei kulimshinda. Ufundi aliupatia jeshini, katika vita vya pili vya Mwingereza, akarudi nao kwetu Kibiti. Mtu akimuuliza, "Fundi, nikupe ngapi?" alitazama chini, akajipangusa mafuta mikononi, akasema, "Utakachojaliwa, ndugu yangu." Ndiyo haya ya watu wa kwetu: kumtajia bei mtu uliyemsaidia waliona ni kama kumdai shukrani. Basi watu walijaliwa vitu vya ajabu. Siku moja alirudi nyumbani na kuku mwenye chongo. Mama akamtazama kuku, akamtazama baba, akasema, "Afadhali huyu, jicho moja linaona."

Mwaka mmoja mto uliingia shambani kwetu mapema ukala mpunga wetu wote. Wa wenzetu wenye mashamba ya juu ulipona. Nyumbani tulikuwa tunachimba ming'oko porini na kuichemsha, asubuhi na jioni. Baba akasema atakwenda na lori la manamba, lile lililokusanya watu wa kukata mkonge, kwa kuwa wakala wake alimwahidi kazi ya mitambo huko shambani. Lori lingekuja Ijumaa. Waliokwenda mkonge, wengine walirudi. Wengine tulisikia tu habari zao, na wengine hata habari hatukusikia. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kaka yake alikwenda hivyo hivyo. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akaniambia nichukue kikapu, akasema, "Twende kwa tajiri."

Tajiri alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mwenye duka kando ya barabara na mashine ya kukoboa mpunga. Mpunga ulimjia hata kutoka ng'ambo ya kivuko cha Ndundu. Mashine ile ilikuwa na deko la bibi harusi, na kila ilipogoma, baba ndiye aliyeitwa. Mama alikaa kwenye mkeka, akasalimu kwa kirefu, akauliza hali ya watoto, kisha akasema alilolijia: mumewe aitunze mashine msimu mzima, ikiwa nzima au mbovu, na alipwe mwisho wa msimu.

"Mama weye," tajiri akasema, "mgonjwa ndiye anayemlipa mganga. Mzima amlipe ya nini?"

"Tajiri, mume wangu hulipwa mashine ikifa. Sasa niambie, wataka aombe dua gani?"

Tajiri alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Siku hizi naona kampuni za mitambo zinaandika jambo hilo kwenye makaratasi yenye mihuri na kuliita mkataba wa matengenezo. Mama alilitoa kinywani mwake akiwa na njaa, na hakuna aliyemfundisha.

Tajiri alipomaliza kucheka, akasema, "Haya, nimekubali. Chenga zote za msimu ni zenu."

Moyo wangu uliruka. Chenga ni zile punje zinazovunjika kwenye kukoboa, na sisi kwa miezi ile tungezipokea kama biriani. Nilikwisha kuuona uji, hata mvuke wake. Mama akasema, "Hapana." Nusura nimfinye.

"Ndani ya mashine mna kisu," akaendelea, taratibu kabisa. "Kikikaa sawa, mchele unatoka mzima. Kikibanwa kidogo tu, unavunjika. Na anayekishika ni mume wangu. Ukimlipa chenga, utapata chenga. Mlipe mchele mzima, pishi moja kwa kila gunia linalotoka."

Tajiri alikunja uso. "Kwani mumeo si mwaminifu?"

"Mwaminifu sana. Nami nataka abaki hivyo."

Kisha tajiri akaruka juu: pishi kwa kila gunia! Si bora achukue na duka? Mama hakubishana. Aliinuka, akakung'uta kanga, akasema, "Haya tajiri, tuonane salama," akatoka. Mimi nilimfuata nikiwa nimevimba kwa hasira. Kiburi gani hiki, nikawaza, kukataa chakula watoto wana njaa! Tulikuwa tumekwisha kufika barabarani sauti iliposikika nyuma.

"Mama! Kibaba!"

Pishi ni vibaba vinne. Mama alizidi kutembea.

"Vibaba viwili!"

"Vya nini?" mama akauliza bila kugeuka.

"Vya mchele mzima, mama! Vya mchele mzima!"

Hapo ndipo alipogeuka. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakipatana bei za mashamba na za nyumba, na sijamwona wa kumfikia. Tajiri naye namsifu, maana alilitambua neno la maana hata liliposemwa na mwanamke asiye na kitu. Kikapu changu kilirudi kitupu vilevile, kwa kuwa malipo yalikuwa mwisho wa msimu, na ming'oko tuliendelea kuila.

Ijumaa lori lilikuja, likasimama mbele ya mashine, mimi na mama tukiwa hapo. Wakala akamwita baba. Baba akatoka, mikono imejaa grisi, akasimama asijue la kusema, na mimi nikaogopa, maana kwa haya zake angeweza kupanda lori ili tu asimvunjie mtu heshima. Lakini habari za mama zilikwisha kuenea Kibiti nzima, na wakala akamgeukia yeye huku akitabasamu.

"Haya mama, mtaja bei ndiye wewe. Sema ngapi, tuondoke naye."

Mama, ambaye bei haikumpa shida hata siku moja, safari hii hakutaja yoyote.

"Huyu siuzi," akasema.

Wanawake wa kwetu hawasemi neno kama hilo mbele za watu. Baba aliinamisha kichwa, akarudi ndani upesi, watu wasimwone anavyolia.