Redio na Kichwa cha Mama Mkwe

Saluni nzima ilimwita Redio, naye hakununa, ingawa redio angalau mtu anaweza kuizima. Vidole vyake vikishaingia kwenye nywele, mdomo nao unafunguka, na wateja walimpendea hilo hilo. Umekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinamishwa, shingo inawaka moto. Mtu akikumwagia habari za mtaa mzima, unashtukia umeshamaliza kusukwa.

Ila kazi ile ina ugonjwa wake. Mteja akisinzia, wasusi wanaanza kumsema yeye mwenyewe, pale pale, juu ya utosi wake. Mara kakonda, mara mume kamkimbia. Wanakonyezana na kucheka chini chini. Sijui nani aliwadanganya kwamba mtu akifumba macho hayupo.

Mama mkwe wa Redio alianguka bafuni, mshipa ukapasuka kichwani. Hospitali ilipomrudisha nyumbani alikuwa anapumua mwenyewe, anafumbua macho na kuyafumba, basi. Ukimwita, kimya. Ukimfinya, kimya. Redio akahamishia vigoda vyake barazani ili awe karibu naye. Kumgeuza asipate vidonda, kumlisha kwa mpira wa puani, kumbadilisha nepi, yote alifanya yeye, na haki ya Mungu aliyafanya vizuri. Mumewe, fundi friji, alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jioni, anamshika mama yake mkono, kisha anamshukuru mkewe. Mtu hana baya.

Zamani, mama na mke wa mwanawe hawakuiva chungu kimoja. Mama alikuwa fundi cherehani, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Aliwahi kumwambia Redio mbele ya wageni kwamba anapika kama mtu anayelipiza kisasi. Wageni walicheka. Redio alicheka nao, akaenda kulia chooni.

Jumamosi moja msusi mwenzake alikuja kumjulia hali mgonjwa chumbani. Redio hakuwa amelala. Shuka zilichafuka usiku kucha. Alikuwa amepakata kichwa cha mama mkwe, anamsuka, na uchovu umemzidi.

"Nikwambie ukweli, mwenzangu?" alisema. "Mungu amchukue tu, tupumzike. Alinitesa akiwa mzima, sasa ananitesa akiwa gogo."

Mwenzake akaangua kicheko. Redio naye akacheka, akamaliza msuko, akaufunga ncha.

Halafu ndipo wakaitwa hospitali. Daktari wa ubongo, dada mmoja mpole asiye na haraka, alikuwa na kipimo kipya: kofia laini yenye nyaya nyingi, inayosoma mawimbi ya umeme wa ubongo na kuyachora kwenye kompyuta.

"Zamani tuliuambia mkono ujikunje," aliwaeleza. "Mkono ukikataa, tukasema hamna mtu. Siku hizi tunauuliza ubongo wenyewe. Si wote wanaojibu, na asiyejibu bado hatuwezi kuapa kwamba hasikii. Tujaribu."

Alimvisha mama kofia ile, akawauliza alikuwa akifanya kazi gani, kisha akainama sikioni pake. Kama jibu ni ndiyo, afikirie anakanyaga cherehani. Kama ni hapana, afikirie anatembea kutoka jikoni kwake hadi getini. Alianza na maswali ambayo majibu yake yanajulikana, akayarudia na kuyarudia, huku kompyuta ikilinganisha michoro. Wewe ni fundi cherehani? Una mtoto wa kike? Mwishowe akavua miwani.

"Yumo," alisema. "Anatusikia."

Mume alilia kama mtoto. Redio alishika ukingo wa kitanda, machozi yanamtoka, na wote pale wakadhani ni furaha. Ilikuwa aibu. Iliwaka masikioni, ikashuka kifuani, ikakaa. Alikuwa akiyahesabu yote aliyoyabwabwaja katika chumba cha mgonjwa kule nyumbani, na kila alipofika kwenye Jumamosi ile alitamani ardhi ipasuke.

"Muulize kama mke wangu anamtunza vizuri," mume alisema, anafuta pua kwa kiganja.

Daktari akauliza. Redio aliomba kimoyomoyo jibu liwe hapana, yaishe.

"Anasema ndiyo."

"Si unaona!" Mume alimkumbatia mbele za watu. "Na mama yangu huyu hasifii mtu bure!"

Ni kweli, hakuwa akisifia bure. Mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja; aliulizwa, akajibu kilicho haki. Hapo ndipo aibu ilipomchoma Redio zaidi. Huyu mwanamke angeweza kulipiza kisasi kwa jibu moja tu na asingekosea, wala hakufanya hivyo. Na mkono wa mume begani ulimwelemea.

"Na wewe uliza lako," mume akamhimiza.

Angeweza kuuliza kama mama anasikia baridi. Angeweza kuuliza kama mto uko sawa. Mambo yangeishia hapo, wakarudi nyumbani yeye akiwa malaika.

"Muulize kama alisikia nililosema Jumamosi ile, mwenzangu alipokuja."

Daktari alimtazama kidogo, kisha akainama. Walingoja. Michoro ikapita kwenye kioo cha kompyuta, ikapita tena.

"Ndiyo," alisema. "Tena hili ndilo jibu lililo wazi kuliko yote ya leo."

"Alisikia nini?" Mume bado alikuwa anatabasamu.

"Nilisema Mungu amchukue tupumzike. Nikamwita gogo. Nikacheka."

Mkono ukatoka begani pake.

"Ulisemea wapi? Mbele yake?"

"Kichwa chake nilikuwa nimekipakata," alisema Redio.