Mkwe Aliyenyimwa Steki

Siku baba yangu alipokataa kumuuzia Mzee Magesa nyama naikumbuka mpaka leo, mpaka kanga niliyokuwa nimevaa, mpaka inzi waliokuwa juu ya gogo la kukatia. Kaa hapa karibu, mwanangu, nikusimulie. Najua umekuja kuchukua steki. Steki haikimbii, imo ndani ya friji.

Baba alikuwa Msukuma wa Misungwi. Alihamia hapa Igombe ufukweni akiwa kijana, akafungua bucha katikati ya watu wanaovua. Walimcheka. Walisema nani atanunua ng'ombe mahali ambapo sato anaruka mwenyewe mpaka sufuriani? Baba akasema, hao hao wavuvi ndio watakaonunua, kwa sababu mtu huchoka na kile anachokiona kila asubuhi. Alikuwa sahihi. Wavuvi walikuwa wateja wake wakubwa, na kati yao hakuna aliyemfikia Mzee Magesa.

Mzee Magesa alikuwa Mjita, mwenye mitumbwi, mjane, mtu wa sauti nene. Alikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Deo. Huyo Deo unamjua wewe kama babu yako, lakini wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye haya, aliyekuwa akipita mbele ya bucha yetu mara nyingi kuliko haja ya nyama ilivyokuwa. Washenga walikuwa wameshakuja nyumbani kwa ajili yangu. Siku ya kukaa kuzungumzia mahari ilikuwa imepangwa.

Sasa huyo mzee alikuwa na mambo yake. Daktari wa zahanati alimwambia apunguze mafuta kwa sababu ya presha. Ushauri mzuri kabisa. Ila Mzee Magesa aliupokea kwa namna yake. Akaacha nyama ya mafuta, akahamia kwenye steki tupu, tena kila siku ya Mungu. Asubuhi supu ya steki, mchana steki, usiku steki na tonge dogo la ugali. Mtu akimwuliza, anajibu: "Daktari kanikataza mafuta. Nyama hajanikataza." Mboga za majani alisema ni za mbuzi. Maharage alisema aliyamaliza yote shuleni. Na samaki? Mitumbwi yake inarudi imejaa, naye hagusi hata mkia. "Siwezi kula kazi yangu," alikuwa akisema. Watu wa Igombe walimwona mtu mwenye uwezo, maana kwetu huku nyama ni heshima, na anayekula dagaa kila siku wanamhurumia.

Usicheke, mwanangu. Wewe unapima steki yako kwenye kimizani kile cha jikoni kabla ya kwenda kunyanyua vyuma, unaniambia, "Bibi, haina mafuta, haina shida." Ni maneno yale yale, ila yeye alikuwa na kitambi na wewe bado huna.

Siku moja Deo alinikuta kisimani, uso umemshuka. Nilimwuliza kulikoni. Alizunguka zunguka, mwisho akasema baba yake ni mgonjwa na anaficha. Tumbo limefunga. Anakaa siku na siku bila kwenda chooni, akienda anatoka na jasho na damu. Hawezi tena kuinama kuvuta mtumbwi, anasimama ufukweni akitoa amri kwa sauti kubwa ili watu wasitambue. Zahanati hataki kurudi, anaona aibu kumweleza daktari kijana habari za choo. "Na wewe umemwambia nini?" nikamwuliza. Deo akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajaruka angani. Hakuwa amemwambia kitu. Tangu mama yake alipofariki, humo ndani hakuna aliyemkataza yule mzee jambo lolote.

Hapo nikawa na mzigo. Mambo ya tumbo la baba mkwe si mambo ya binti kuyajua, achilia mbali kuyasema. Kwetu mkwe humtazami usoni, jina lake hulitaji ovyo, unapiga magoti kumsalimia na unaondoka. Ningesema, ningeonekana binti mwenye mdomo, na posa ingevunjika kabla mahari haijatajwa. Ningenyamaza, yule mzee angeendelea kuumia na Deo angeendelea kumwogopa. Nilimpenda Deo, sikufichi. Nililala na hilo jambo kifuani, na asubuhi nikamwambia mama. Mama akamwambia baba. Mpaka leo nasema nilifanya vizuri.

Siku hiyo hiyo Mzee Magesa akaja na kapu lake. Watu walikuwepo wengi, ilikuwa siku ya gulio. Mimi nilikuwa pembeni nafagia.

"Mkwe, habari za asubuhi? Nipimie kama kawaida. Toa mafuta yote."

Baba akaweka kisu chini. "Leo sikupimii, mkwe."

"Nyama imeisha?"

"Nyama ipo. Ya kwako ndiyo haipo."

Watu wakasogea karibu. Mzee Magesa akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wakwe. "Bado hatujakaa kwenye mahari, umeshaanza kuninyima?"

"Nakunyima kwa sababu hiyo hiyo," baba akasema, naye hakucheka. "Nataka mwanangu akiingia kwako akukute mzima. Mimi nachinja, mkwe. Ningetaka, watoto wangu wangekula steki asubuhi na jioni. Nyumbani kwangu nyama haipikwi kila siku. Nenda kwanza zahanati, halafu urudi, nitakupimia wewe wa kwanza."

Neno zahanati lilinichoma. Nilijua Mzee Magesa ameelewa kwamba siri yake imetoka. Mtu hatumwi zahanati mbele ya bucha bila mtu kuwa amesema. Mzee Magesa alimtazama baba, akageuka akanitazama mimi na fagio langu, akachukua kapu lake tupu akaondoka bila kuaga. Nililia jikoni mpaka mama akanitoa nje nikalilie huko, nisije nikaharibu uji.

Siku zikapita, kimya. Deo hakupita tena mbele ya bucha. Jirani mmoja akasema alimwona mzee kwenye benchi la zahanati, mwingine akasema ni uongo. Washenga hawakuleta neno la kuvunja wala la kuendelea, na siku iliyopangwa ikafika tukiwa hatujui kama watakuja.

Asubuhi ya siku hiyo baba akaingia jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akaagiza ipikwe nsansa na karanga. Wewe nsansa unaijua, ile ya majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa juani. Akaagiza maharage, akaagiza sato, akaagiza matembele. Na nyama, akasema, itakuwepo, kila mtu kipande chake, basi.

Shangazi yangu aliyekuja kutoka Misungwi nusura aangushe mwiko. "Unataka kuwalisha wakwe majani? Wakwe! Watasema tumewatukana. Watasema binti yetu katoka kwenye njaa!"

"Zamani kwetu ng'ombe akichinjwa aliliwa na kaya ngapi?" baba akamwuliza.

"Zote."

"Kwa hiyo kila mtu alipata kiasi gani?"

Shangazi akageukia sufuria. Alinikabidhi nsansa niipike mimi, nadhani ili lawama ikija iwe juu yangu.

Wakaja. Nilichungulia nikamwona Mzee Magesa katikati ya wazee wake, amevaa koti. Mazungumzo yakaenda kwa adabu, baridi kabisa. Kisha chakula kikaletwa. Wale wazee wakafunua mabakuli, moja, la pili, la tatu, wakitafuta nyama. Mmoja wao, nakumbuka alikuwa na kofia nyekundu, akafunua bakuli la nsansa, akalifunika tena polepole. Nilimsikia shangazi nyuma yangu akitaja jina la Yesu.

Mzee Magesa akanyoosha mkono, akafunua lile bakuli. Akakata tonge la ugali, akachovya, akatafuna. Akachovya tena. Chumba kizima kilikuwa kinatazama koo lake.

"Nani kapika hii?"

Nikasukumwa mbele. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba. Ni mimi."

"Marahaba. Na ni wewe uliyesema habari za tumbo langu?"

Mwanangu, ningeweza kukana. Deo alikuwa nje, angenikingia kifua, angesema ni yeye. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikasema, "Ndiyo, baba. Ni mimi."

Akameza tonge lake. Kisha akawaambia wazee wake, si mimi: "Nimekwenda kwa daktari. Kaniuliza nala nini, nikamwambia. Kaniuliza mboga je, matunda je, maji je, nikakosa la kusema. Kanipa dawa, na kanipangia chakula, na hiki kilichopo hapa mezani ndicho chenyewe." Akafuta mkono. "Tangu mama Deo aondoke, nyumbani kwangu kila mtu ananiogopa. Mwanangu mwenyewe ananiona naumia ananyamaza. Hata wafanyakazi wangu wananyamaza. Huyu binti hajaingia hata mlangoni, amesema. Tajeni mahari yenu, mimi sibishani."

Shangazi akapiga vigelegele kabla ya mtu yeyote. Alikuwa na tabia ya kuhamia upande wa washindi.

Nilimpikia Mzee Magesa miaka mingi. Nyama alikula, tena kwa raha, siku chache za juma, steki isiyo na mafuta kama daktari alivyotaka, kipande cha kutosha kiganja. Siku nyingine maharage, choroko, sato wa mitumbwi yake mwenyewe, ambaye muda mrefu hakumgusa hata mkia na sasa akawa anamlamba mpaka mifupa. Papai lilikuwa mezani kila asubuhi pamoja na michembe, vile viazi vitamu vya kuanika. Alirudi kuvuta mtumbwi. Siwezi kukuapia kwamba nsansa ndiyo iliyompa umri, umri ni wa Mungu. Lakini lile tumbo nililijua kuliko alivyolijua mwenyewe, na lilitulia.

Ndugu zangu wa kiume hawakuitaka bucha, kwa hiyo baba alipozeeka ikawa yangu. Sasa ina vioo na friji na taa nyeupe. Nimekata nyama maisha yangu yote, na nyama ndiyo iliyowasomesha baba zako. Sina sababu ya kuisema vibaya. Kwa hiyo nisikilize mimi, si yule mwalimu wako wa vyuma wa kwenye simu.

Nyama nyekundu isiyo na mafuta ni chakula kizuri. Inajenga mwili, inaongeza damu. Binti mwenye upungufu wa damu akija hapa nampimia vizuri na namwongezea ini kidogo, isipokuwa mjamzito, huyo ini namwambia aulize kliniki kwanza. Steki ni bora kuliko nundu iliyojaa mafuta, na ni bora mara nyingi kuliko zile soseji mnazokaanga. Lakini kuondoa mafuta si ruhusa ya kula kila siku, rundo zima, sahani haina rangi nyingine. Mwili una kazi nyingi, na nyama haiwezi kuzifanya zote. Kula nyama siku kadhaa, siku nyingine ziachie samaki, maharage, kuku, na mboga ya majani isikose hata siku moja. Kula matunda, kunywa maji. Ukiwa na ugonjwa wa figo au moyo au lolote, usiniulize mimi wala mwalimu wako wa vyuma, nenda hospitali. Na ukiona mabadiliko chooni, useme mapema. Aibu ya choo imeumiza watu wazima wengi.

Hayo ni ya tumbo. La pili ndilo ninalotaka ulibebe zaidi. Mtu unayempenda akijiumiza kwa kitu kizuri, mwambie, hata kama ni mkubwa, hata kama kitu chenyewe watu wanakiona heshima. Baba yangu alimkatalia mteja wake mkubwa na mkwe wake kwa wakati mmoja, mbele ya gulio zima. Mimi nilisema nikiwa napiga magoti. Tungeweza kuuza na kunyamaza.

Ndiyo maana jana nilimwambia kijana wa dukani akikuona asikupimie. Usinune, Magesa. Jina hilo nilikupa mimi mwenyewe, na mwenye jina naye alinuna. Kapu lako liache hapo mlangoni, nyama yako utaikuta Jumamosi. Leo jioni uje nyumbani, nimeloweka maharage, na nsansa ya kunde zangu mwenyewe imo chunguni.

Mungu akupe tumbo jepesi na mikono yenye nguvu, mwanangu. Akupe mezani chakula cha kila rangi. Na ndani ya nyumba yako, asikukoseshe mtu mmoja asiyekuogopa.